Jinsi ya Kusubiri Dijitali Bila Kuota Mvi: Mwongozo wa Mkaazi wa Kayole

Kusubiri ni kazi kama kazi nyingine, ila haina mshahara wala chama cha kutetea wafanyakazi. Wengi wetu huifanya ovyo: tunanung'unika, tunapiga king'amuzi makofi, tunamtukana fundi ambaye simu yake imezimwa, kisha tunalala saa tatu kwa hasira. Mwongozo huu unakusudia kuinua viwango. Ukiufuata hatua kwa hatua, utaweza kusubiri mawimbi ya televisheni kwa ustadi, kwa heshima, na kwa muda mrefu kuliko ulivyodhani mwanadamu anaweza.

Kabla hatujaanza, tuhakikishe kwamba unastahili kusubiri. Kwa mujibu wa makaratasi, mkaazi wa Kayole hasubiri chochote. Kayole iko Nairobi, na Nairobi ndiyo iliyotangulia katika ratiba ya kuhamia dijitali. Wanaosubiri, tuliambiwa, ni watu wa mbali: Lodwar, Garissa, Voi, Kitui. Wewe unayekaa chumba cha ghorofa ya pili, upande wa nyuma, katika ploti iliyojificha nyuma ya ploti nyingine kati ya Masimba na Nyando, umeshafikiwa. Kwamba skrini yako ni nyeusi, hayo ni mambo ya ndani kati yako na skrini yako. Usivunjike moyo. Mwongozo huu unakutambua rasmi kuwa eneo la mbali.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Televisheni moja. Ile yenye kisogo kirefu inafaa, na ile bapa inafaa vilevile. Zote mbili zinaonyesha giza kwa ubora uleule.

King'amuzi kimoja, au viwili kama wewe ni mtu wa haraka (tazama Hatua ya Pili).

Eriali ya nje, bomba la chuma, na waya mrefu wa kutoka paani hadi dirishani. Waya utapitia mbele ya madirisha ya watu wanne, na kila mmoja ataanikia soksi juu yake.

Kijana mwepesi asiyeogopa paa. Akiwa wa kwako, bora. Akiwa wa jirani, mnunulie soda mapema.

Redio. Hii usiisahau. Mechi itakapokatika dakika ya 88, redio ndiyo itakayokuambia nani alifunga.

HATUA YA KWANZA: ANZA KUSUBIRI MAPEMA

Kosa la wasubiri wachanga ni kudhani kwamba kusubiri kunaanza siku fundi anapoondoka. La hasha. Kusubiri kwako kulianzia Geneva. Mwezi Juni 2006, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mataifa ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati yalikubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 yawe yameachana na matangazo ya analojia. Hivyo ulipewa miaka tisa ya kusubiri, na hukuwa hata umeomba.

Sababu ilikuwa nzuri, tusiionee. Katika analojia, kituo kimoja cha televisheni kilikalia masafa yake peke yake, kama abiria aliyekodisha matatu nzima ya 19/60 ili apeleke mkoba mmoja mjini. Dijitali inawapanga abiria: vituo kumi na zaidi ndani ya masafa yaleyale yaliyokuwa yakibeba kimoja, na nafasi inayobaki wanapewa watu wengine. Hao watu wengine ni akina nani, tutafika.

Kenya ilianza mbio ikiwa mbele. Tarehe 9 Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali jijini Nairobi. Signet, kampuni tanzu ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, ikakabidhiwa kazi ya kusambaza mawimbi. Serikali ikasema haitangoji 2015 kama nchi zingine. Sisi tungezima analojia mwaka 2012. Hapa ndipo msubiri mwenye kipaji hujitambua. Anaposikia serikali ikiahidi kumaliza jambo miaka mitatu kabla ya tarehe ya dunia nzima, hakimbilii dukani. Anatafuta kiti.

HATUA YA PILI: NUNUA KIFAA KABLA YA MAWIMBI KUFIKA

Duniani kwingine mtu huona maji yametoka ndipo anunue ndoo. Katika jambo hili utaratibu ni kinyume, nawe usiubishie. Nunua kwanza, mawimbi yatakukuta njiani.

Waliokuwa wa kwanza kununua walipata ving'amuzi vya mfumo wa DVB-T, ambao ndio nchi ilianza nao. Baadaye nchi ikaamua kwenda na mfumo mpya zaidi, DVB-T2, na king'amuzi cha kwanza hakiwezi kusoma matangazo ya pili. Mtu aliyewahi akajikuta amebaki na kisanduku kizuri chenye taa ya kijani. Kisanduku hicho hakitupwi. Kinawekwa juu ya kabati, kinafunikwa kitambaa, na wageni wanaambiwa ni cha akiba.

Siku hizi maarifa yameongezeka, kwa hiyo chukua haya bila malipo. Ukienda dukani, tafuta ile namba 2 mwishoni mwa DVB-T. Isipokuwepo, rudisha kisanduku kaunta. Pili, kabla hujanunua kisanduku chochote, geuza televisheni yako uangalie mgongoni na kwenye kijitabu chake. Televisheni nyingi bapa za miaka ya karibuni zina king'amuzi cha DVB-T2 ndani kwa ndani. Chomeka eriali, ingia kwenye orodha ya mipangilio, iambie itafute vituo. Kuna watu Kayole wamelipia kisanduku ilhali televisheni yenyewe ilikuwa ikijiweza. Muuzaji hakuwaambia, na huwezi kumlaumu mtu kwa kunyamaza akiwa kazini.

Tatu, tofautisha king'amuzi cha vituo vya bure na kile cha kulipia kila mwezi. Cha kulipia ni rahisi kununua na kigumu kuishi nacho. Cha bure ni ghali kidogo siku ya kwanza, kisha kinakuacha na amani. Vijana waliovaa fulana za rangi na kushika kipaza sauti pale steji watakueleza faida za kile cha kwanza hadi ushindwe kukumbuka kwamba cha pili kipo.

HATUA YA TATU: PANDA PAANI

Utamwendea keretaka kuomba ufunguo wa paa. Keretaka atakuambia ufunguo uko na landilodi. Landilodi atakuambia uko na keretaka. Huu ni utangulizi wa kawaida, na dawa yake ni shilingi mia moja, zinazopelekwa kwa mmoja kati yao.

Ukishafika juu, jipongeze, kisha tazama ulichopanda kukitazama. Msitu wa mabomba. Eriali zinazoelekea Ngong, zinazoelekea Limuru, na moja inayoelekea chini kabisa kwa sababu upepo ulikuwa na maoni yake. Mitungi myeusi ya maji. Kamba za nguo. Nyaya zilizokatwa ambazo hakuna anayejua ni za nani, na zile ambazo hazijakatwa zinazodaiwa na watu watatu.

Kumbuka jiografia. Mnara wa Limuru, ambako televisheni ya nchi hii imekuwa ikirushia matangazo tangu miaka ya sitini, uko kaskazini-magharibi mwa jiji. Wewe uko mashariki. Kwa hiyo eriali ya Kayole inatazama upande wa mjini, karibu na linakotua jua. Mawimbi ya televisheni hupenda njia nyoofu isiyo na kizuizi. Kati yako na Limuru kuna jiji zima, na hasa jengo la jirani yako, ambaye mwaka jana alikuwa na ghorofa nne na sasa ana sita. Zile mbili alizoongeza ndizo zilizokula taarifa yako ya saa moja. Kibali chake cha ujenzi, ikiwa kipo, hakikutaja televisheni yako popote.

Sasa anza kuzungusha. Wewe uko juu, mtoto yuko dirishani, mama watoto yuko mbele ya skrini. Ujumbe unapita kwa ngazi.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Imekuja! Usiguse hapo! Baba nanii, usiguse!"

Unakaza skrubu kwa furaha, unashuka, unafungua mlango na kukuta giza. Ni nani aliyepiga kelele? Mama wa ploti ya mkabala, aliyekuwa akimjibu mume wake, naye alikuwa juu ya paa lake akizungusha eriali yake. Picha imekuja, ila kwao.

Hapa kuna jambo la maana kabisa katika mwongozo huu wote. Enzi za analojia ulizungusha na picha ikabadilika papo hapo. Dijitali haina haraka hiyo. King'amuzi kinahitaji sekunde kadhaa kukusanya mawimbi na kuyafanya picha. Kwa hiyo zungusha kidogo, simama, hesabu hadi kumi polepole, ndipo uulize. Anayezungusha mfululizo hupita mahali pazuri mara nyingi bila kujua.

HATUA YA NNE: JIFUNZE KUISOMA SKRINI

Analojia ilikuwa na huruma. Mawimbi yakiwa hafifu ilikupa chenga, na kwenye chenga bado ulimwona mtangazaji, ukasikia sauti, ukajua bei ya unga imepanda. Unaweza kusema tulilelewa kwenye chenga. Kuna wachezaji wa mpira wa enzi hizo ambao hadi leo hatujui sura zao, ila mabao yao tunayakumbuka.

Dijitali haitoi nusu. Ina picha safi kama kioo, au haina kitu. Katikati kuna ukanda mwembamba ambapo sura ya msomaji habari hugawanyika vipande vya mraba, mdomo ukabaki Jumatatu na macho yakaendelea hadi Jumanne, kisha maandishi ya kukujulisha kwamba hakuna mawimbi yanaanza kutembea kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine. Yatazame. Ndiyo matangazo pekee yasiyokatizwa na biashara.

Bonyeza rimoti ufungue ukurasa wenye mistari miwili: mmoja wa nguvu ya mawimbi, mwingine wa ubora. Wasubiri wachanga hufurahia ule wa nguvu. Wewe tazama wa ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mawimbi yanafika yamevurugwa, mara nyingi kwa waya mbovu, kiungo kilichoingia maji ya mvua, au ukuta wa jirani unaoyarudisha. Badilisha waya kabla hujabadilisha king'amuzi. Fundi atakushauri kinyume, kwa kuwa anauza ving'amuzi.

HATUA YA TANO: FUATILIA KESI

Wakati huna picha, fuata tamthilia iliyo bora kuliko zote zilizowahi kuonyeshwa nchini: ile ya kesi za kuhamia dijitali. Ina misimu mingi.

Msimu wa kwanza ni 2011. Leseni ya pili ya kusambaza mawimbi yatolewa kwa Pan African Network Group, kampuni ya Kichina, huku muungano wa wawekezaji wa humu nchini uliokuwa na kampuni za habari za Nation na Royal Media ukikosa. Kuanzia hapo ugomvi ulikuwa juu ya minara: nani aimiliki, na nani ampangishe mwenzake. Wewe mtazamaji hukutajwa sana, kama ilivyo desturi ya nyasi fahali wawili wapiganapo.

Msimu wa pili, Desemba 2012. Analojia izimwe Nairobi. COFEK, shirika la kutetea watumiaji wa bidhaa, likaenda kortini na tarehe ikasimamishwa. Wakati huohuo majirani zetu Tanzania walizima Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, sawa na walivyosema. Tulishangaa sana, na wengine walidhani ni mzaha.

Msimu wa tatu, tarehe 13 Desemba 2013. Izimwe. Nation, Standard na Royal Media wakaenda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa. Ilikuwa mwaka ambao nchi ilichagua serikali iliyojinadi kuwa ya kidijitali na kuwaita wapinzani wake analojia; serikali ya dijitali ikaendelea kuonekana kwa analojia.

Msimu wa nne, tarehe 29 Septemba 2014, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake. Tume ya mawasiliano, ambayo mwaka huo ilibadilishwa ikawa Mamlaka ya Mawasiliano, ikachapisha ratiba mpya: Nairobi tarehe 31 Desemba 2014, miji kama Mombasa, Kisumu na Nakuru tarehe 2 Februari 2015, na waliobaki tarehe 30 Machi. Januari mahakama ikasimamisha tena. Februari 13 ikaliondoa zuio.

Kilele kilikuwa Jumamosi tarehe 14 Februari 2015, siku ya wapendanao. Maofisa wa Mamlaka wakisindikizwa na polisi walifika kwenye mitambo ya Limuru, na NTV, KTN, Citizen na QTV zikapotea hewani. Zilikaa nje karibu wiki tatu, wenye vituo, Nation, Standard na Royal Media, wakidai wapewe muda wa kuleta ving'amuzi vyao, hadi waliporudi Machi kupitia mtandao wao wa kusambaza mawimbi, Africa Digital Network. Katika siku hizo aliyekuwa na king'amuzi aliitazama KBC na K24. Asiyekuwa nacho aligundua kwamba ana watoto, akawauliza majina.

Utamu wa tamthilia hii ni kwamba kila upande ulikuambia ununue kitu, na kila upande ulikuambia usinunue cha mwenzake. Vituo vikubwa vilipeperusha matangazo ya kuwaonya watazamaji wasinunue ving'amuzi vya kampuni za kulipia, GOtv na StarTimes, na Mamlaka ikachukizwa hadi ikavinyang'anya masafa kwa muda. Ikiwa wakati huo ulisimama dukani na pesa mkononi bila kununua chochote, hongera. Wewe ni msubiri wa kuzaliwa.

HATUA YA SITA: TAYARISHA MAJIBU YA USHAGO

Mtu wa Nairobi anadhaniwa kujua kila kitu. Shangazi atapiga simu kutoka Mwingi.

"Mwanangu, hii dijitali mmeipata huko?"

"Tumeipata, shangazi."

"Ni nzuri?"

"Ni safi sana, shangazi. Hakuna chenga."

Hapo hujadanganya. Skrini yako haina hata chenga moja.

"Basi niuze yule mbuzi ninunue kisanduku?"

Hili ndilo swali gumu, nalo lina jibu moja tu la mtu mwenye utu: mbuzi akae. Waulize kwanza majirani wa kijijini kama kuna nyumba ambayo picha imetoka, na imetoka kwa eriali gani, si kwa dishi. Nyumba iliyoko juu ya kilima si ushahidi kwa nyumba iliyoko bondeni. Mawimbi ya mnara husafiri kwa kuonana, na Ukambani kuna vilima vingi visivyopenda kupisha. Shangazi akishaiona picha kwa macho yake, nyumba ya pili kutoka kwake, mbuzi azungumziwe.

Akikuuliza mbona sehemu zingine hazijafikiwa hadi leo, mwambie ukweli: mnara hupandwa penye watu wengi wa kuuziwa sabuni. Penye watu wachache na mbuzi wengi, biashara husitasita, na mpaka mfuko wa umma ugharamie, matangazo hufika kwa dishi la satelaiti au hayafiki.

HATUA YA SABA: TUMIA MIUNDOMBINU ILIYOPO

Usiku wa mechi kubwa usihangaike na eriali. Kayole ina mfumo wake wa usambazaji uliokamilika kabla ya serikali kuwaza lake. Kuna vibanda vya kuonyesha mpira, mabenchi yamepangwa, ubao wa chaki mlangoni umeandikwa nani anacheza na saa ngapi. Unalipa shilingi zako chache, unaketi, na kwa dakika tisini unazungukwa na makocha arobaini. Picha haikatiki. Stima ikikatika, jenereta inanguruma kabla mwamuzi hajapuliza filimbi. Sina habari ya ramani yoyote rasmi inayotambua vibanda hivi kuwa vituo vya kupokelea matangazo, na ni kosa.

Kwa taarifa ya habari kuna hoteli za chapati na maharagwe, kinyozi, na jirani wa ghorofa ya juu kabisa mwenye bahati ya kuona Limuru moja kwa moja. Kwa jirani huyo usiende mkono mtupu. Nenda na swali la kuazima chumvi, uketi "kidogo tu", na uondoke baada ya hali ya hewa.

HATUA YA NANE: POKEA MAWIMBI

Siku moja mawimbi yatakufikia. Hayatapitia eriali.

Unakumbuka wale watu wengine waliopewa nafasi iliyobaki baada ya vituo kupangwa vizuri? Ni kampuni za simu. Masafa ya megahezi 700 na 800, yaliyokuwa sehemu ya bendi ya televisheni, yalifaa sana kwa intaneti ya kasi kwa sababu yanasafiri mbali na kupenya kuta. Safaricom ilitumia yale ya 800 kwa mtandao wake wa 4G. Desemba 2017 Jamii Telecommunications ilizindua Faiba yake kwa yale ya 700. Ndiyo maana leo unalala chali kitandani, ghorofa ya pili upande wa nyuma, ukitazama taarifa ya saa moja kwenye simu, kupitia masafa yaleyale yaliyoondolewa kwenye televisheni ili televisheni yako ipate nafuu. Tofauti ni kwamba sasa unailipia kwa bando. Habari zilizokuwa bure na chenga zimekuwa safi na kwa megabaiti.

MAKOSA YA KUEPUKA

Usimlaumu fundi kwa kila kitu. Lile alilokosea yeye ni la waya tu.

Usikate waya usioujua paani. Ni wa mtu, na mtu huyo yuko nyumbani, na leo ni fainali.

Usijilinganishe na nchi za nje ukiwa na njaa. Marekani ilipozima analojia mwezi Juni 2009, kila kaya iliweza kuomba kuponi mbili za dola 40 za kununulia ving'amuzi. Uingereza, iliyomaliza Oktoba 2012, ilikuwa na mpango maalumu wa kuwasaidia wazee na walemavu kufungiwa vifaa. Ukitaka kufarijika tazama Afrika Kusini, nchi yenye mali kuliko yetu, ambayo ilipanga kuzima 2011, na Machi 2025 ilikuwa bado kortini ikizuiwa kuzima. Wenzetu hao wanasubiri kwa kiwango cha kimataifa.

Na usichanganye tarehe ya kuzima na tarehe ya kuwashwa. Kenya ilizima analojia ndani ya muda wa Geneva, na kwa hilo ilipigiwa makofi kwa haki. Kuzima ni rahisi kupimika: unakwenda Limuru, unashusha swichi, unaandika ripoti. Kuwasha hupimwa sebuleni kwa mtu, ghorofa ya pili, upande wa nyuma, na huko hakuna aliyetumwa na karatasi.

NENO LA MWISHO

Kejeli zikiisha, hesabu ni hii. Aliyegharamia uhamiaji huu si aliyeupanga. Mwananchi ndiye aliyenunua kisanduku, eriali, bomba na waya, akamlipa fundi, na mwishowe akanunua bando. Alipewa tarehe za mwisho nyingi, na hakupewa hata moja iliyomfunga yule wa upande wa pili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa shilingi yako kwa king'amuzi kingine, mwambie muuzaji aje nacho nyumbani kwako akiwashe, kwenye chumba chako, kwa eriali yako. Picha ikitoka, mlipe. Isipotoka, mpe chai aondoke nacho. Na siku Mamlaka ikikuuliza kama umefikiwa, usiitazame ramani yao. Washa televisheni yako, na ujibu ulichokiona.